Mzigo wa Mwenzio: Lumon Inauza Nini Hasa?

Dakika chache baada ya tamthilia ya televisheni ya Severance kuanza, tunamkuta mwanamume akilia peke yake ndani ya gari. Nje kuna theluji na kazi inamsubiri. Analia kama mtu aliyezoea kulia mahali hapo hapo, saa hiyo hiyo. Kisha anajifuta uso, anaingia ndani, anabadilisha saa ya mkononi na kusimama kwenye lifti. Mlango unafungwa. Kamera inamsogelea huku lenzi ikivuta kinyume, macho yanapepesa, na mlango unapofunguliwa yule aliyekuwa akilia hayupo tena. Anayetoka ni mwingine mwenye sura ile ile, mchangamfu, asiyejua kilichoyafanya macho yake yawe mekundu.

Nimeitazama misimu yote miwili mara nne sasa, na kila mara fikra zangu hurudi kwenye gari lile. Naamini jibu la fumbo kubwa lilikuwa pale tangu mwanzo, wakati sisi mashabiki tulikuwa tukikodolea kuta, tukihesabu mbuzi wanaofugwa ndani ya jengo na kupekua majina ya mafaili ya kazini. Swali tunaloulizana halijabadilika tangu Februari 2022: kampuni ya Lumon inatengeneza nini? Jibu langu ni kwamba bidhaa yake ni mtu. Inamuuzia mteja mtu wa kuumia kwa niaba yake, anayeishi ndani ya mwili wake, asiyeweza kumlalamikia kwa sababu hawatakutana kamwe. Vingine vyote, ibada ya mwanzilishi, ghorofa zilizofichwa, bendi ya matarumbeta, ni mapambo yanayoizunguka biashara hiyo.

Nitafichua kila kitu kuanzia hapa, hadi sekunde za mwisho za msimu wa pili. Ambaye hajatazama na ana nia ya kutazama, aniache kwanza.

Kwa anayehitaji kukumbushwa: wafanyakazi wa ghorofa ya chini ya Lumon wamepandikizwa chipu kwenye ubongo inayogawa kumbukumbu zao mara mbili. Anayeingia kazini hajui lolote kuhusu maisha ya nje, na anayerudi nyumbani hajui alifanya nini kutwa nzima. Hapa nitawaita wa ndani na wa nje. Wa nje huingia kwenye lifti asubuhi na papo hapo kujikuta anatoka jioni. Wa ndani hutoka jioni na papo hapo kujikuta anaingia asubuhi. Usingizi, Jumapili na jua ni mambo anayoyasikia tu. Mtunzi, Dan Erickson, ameeleza kwamba wazo lilimjia alipokuwa akifanya kazi ofisini kwenye kiwanda cha milango, akitamani saa nane za kazi zipite bila yeye kuwapo. Hebu litazame tamanio hilo kwa makini. Lilikuwa tamanio la kukwepa uchovu wa kazi, na hakuna kati yetu asiyewahi kuwa nalo. Alichokifanya Erickson ni kuuliza swali la pili, ambalo mwenye tamanio huwa haliulizi: kama mimi sipo, nani yupo?

Msimu wa kwanza ulilijibu swali hilo kupitia Helly, mfanyakazi mpya, na kwa ukali ambao bado unanisumbua. Anazinduka juu ya meza ya mkutano, hajui hata jina lake. Anaomba kuacha kazi na kukataliwa. Anatishia kujikata vidole ili wa nje wake amsikie, na jibu linalorudi ni video ambayo mwanamke mwenye uso wake mwenyewe anamtazama na kumwambia kwamba yeye si mtu, na kwamba maamuzi si yake. Baadaye tunajua kwamba mwanamke huyo ni Helena Eagan, binti wa Jame Eagan, mkuu wa kampuni. Siku ile nilidhani tumeonyeshwa unyama wa tajiri mmoja. Nilipoirudia mara ya pili nikaona kwamba Helena alitamka kwa sauti kile ambacho wateja wote wa Lumon wanakifanya kimyakimya. Mark naye, yule mpole anayelia garini, alimfanyia wa ndani wake jambo lile lile. Hakumrekodia video, basi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa begani kwa mwingine, huwezi kuuhisi uzito wake. Lumon imeichukua hekima hiyo na kuigeuza bidhaa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni historia ya kampuni yenyewe, ambayo tamthilia imeidondosha kipande kipande bila kutuambia tuiunganishe. Lumon ilianzishwa mwaka 1865 na Kier Eagan, na biashara yake ya kwanza ilikuwa marhamu, dawa ya kupaka. Katika sehemu ya nane ya msimu wa pili, Harmony Cobel, aliyekuwa bosi wa Mark kazini na anayeigizwa na Patricia Arquette, anarudi kwenye mji wa baridi wa pwani alikozaliwa, Salt's Neck. Huko tunakuta kwamba mji mzima ulikuwa umejengwa juu ya kiwanda cha Lumon cha etha, kwamba watoto walifanya kazi humo, Cobel mmoja wao, na kwamba waliobaki wamebaki na uraibu. Marhamu hupakwa kwenye ngozi inayouma. Etha humfanya mtu asihisi kisu. Chipu humwondoa mtu mzima asiwepo wakati wa kuumia. Ni bidhaa moja katika vizazi vitatu, kila kizazi kikizama ndani zaidi ya mwili.

Mashabiki wengi waliichukia sehemu hiyo ya nane. Walisema inapunguza kasi, na kwamba tulimwacha Mark kitandani katika hali mbaya ili tukamtazame mwanamke mmoja akiendesha gari kwenye barabara tupu. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Humo ndimo tunamojua kwamba chipu ilibuniwa na Cobel akiwa bado msichana, na Jame Eagan akajitwalia sifa. Tena kuna tukio dogo ambalo kwangu lina thamani kuliko daftari lake la michoro. Cobel anapanda kwenye kitanda cha marehemu mama yake, anauweka mdomoni mrija aliokuwa akipumulia mama huyo, na kulia kama mtoto. Aliyebuni kifaa cha kumtenga mtu na uchungu wake ni mwombolezaji ambaye hakuruhusiwa kuomboleza. Baada ya hapo, mtu akiniambia kwamba lengo la Lumon ni kutengeneza jeshi au kutawala dunia, namuuliza kwa nini basi watunzi walitupeleka kwenye kitanda kile.

Ushahidi wa pili ulikuwa mbele yetu tangu msimu wa kwanza na wengi waliupita haraka. Devon, dada yake Mark, anakwenda kujifungua kwenye nyumba za mapumziko za msituni. Nyumba ya jirani ina mwanamke mwingine mjamzito, Gabby, mke wa seneta, na wanaongea vizuri. Siku nyingine Devon anamkuta bustanini na mtoto wake, na mwanamke huyo hamtambui hata kidogo. Maana yake ni nzito. Kuna aliyepelekwa katika uchungu wa kuzaa, akazaa, kisha akazimwa, na mwingine akaamka na mtoto mikononi. Yule aliyezaa hakumlea mtoto, huenda hata hakumshika. Maisha yake yote yalikuwa uchungu. Watu walipoyaona hayo waliona kisa cha pembeni. Mimi naona kwamba ndio mteja halisi wa Lumon aliyeonyeshwa waziwazi: mtu mwenye uwezo, anayetaka tunda bila jasho. Ofisi ya Mark ni karakana ya majaribio tu.

Na kinachojaribiwa tumekiona katika sehemu ya saba ya msimu wa pili, ambayo kwangu ni sehemu bora kuliko zote. Iliongozwa na Jessica Lee Gagné, ambaye hadi hapo tulimjua kama mpigapicha mkuu wa tamthilia hii. Gemma, mke wa Mark aliyedhaniwa amekufa katika ajali ya gari, yuko hai, amefungiwa kwenye ghorofa ya majaribio. Anaingizwa chumba kimoja baada ya kingine, na kila chumba kina wa ndani wake. Chumba kimoja ni cha daktari wa meno. Kingine ni ndege inayotikiswa angani. Kingine ni meza yenye rundo la kadi za shukrani za Krismasi, aziandike mpaka mkono uume. Majina ya vyumba ndiyo majina ya mafaili ambayo Mark na wenzake wanayachambua kwenye kompyuta zao, wakizipanga namba kwa hisia zinazowapa: majonzi, bashasha, hofu na inda, zile silika nne ambazo Kier alijigamba kuzifuga.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho, na Cobel akamwambia Mark wa ndani kile ambacho wengi wetu tulikuwa tumekikaribia bila kukigusa: namba zile ni mke wako. Kila faili alilokamilisha lilikuwa nafsi mpya ndani ya Gemma. La 25, Cold Harbor, ndilo la mwisho.

Niliposikia hivyo nilisimamisha picha na kukaa kimya. Kwa miaka mitatu nilikuwa miongoni mwa walioamini kwamba Gemma wa ghorofa ya chini ni nakala iliyotengenezwa maabara, na kwamba mbuzi walikuwa majaribio ya awali ya kutengeneza nakala. Nilikosea, na nafurahi kukosea, kwa sababu jibu la watunzi ni la kibinadamu kuliko langu. Mark alikwenda Lumon ili aukimbie msiba wake kwa saa nane kwa siku. Saa hizo nane alizitumia kuuchambua msiba huo huo, namba kwa namba, bila kujua. Zile namba za kutisha zilizowatetemesha wachambuzi katika msimu wa kwanza hazikuwa siri ya kijeshi. Zilikuwa uchungu wa mwanamke mmoja, na aliyekabidhiwa kuupanga ni mtu pekee duniani aliyemjua kiasi cha kuweza.

Hapo ndipo chumba cha mwisho kinapopata uzito wake. Gemma na Mark walitaka mtoto, mimba ikaharibika, wakahangaika na matibabu, kitanda cha mtoto kikavunjwa vipande. Katika chumba cha Cold Harbor, Gemma anakuta kitanda cha mtoto na kuagizwa akivunje. Anafungua skrubu moja baada ya nyingine, uso mtulivu, huku wakubwa wakimtazama kwenye skrini. Daktari Mauer, anayesimamia majaribio hayo, anaridhika: hahisi chochote. Ikiwa ukuta umehimili kitanda kile, utahimili lolote. Meno, safari ya ndege na kadi vilikuwa usumbufu tu. Hiki ni kilele cha maumivu, na bidhaa imefaulu mtihani.

Najua nadharia inayopendwa zaidi ni nyingine: kwamba yote haya ni matayarisho ya kumfufua Kier, kuipanda nafsi yake kwenye kichwa cha mtu aliye hai. Ina vishikio. Jame Eagan anamwambia Helly kwamba anamwona Kier ndani yake. Mbuzi, tulivyokuja kujua, huchinjwa ili aiongoze roho ya Gemma hadi mlangoni kwa Kier. Watu hawa wana imani, na sipuuzi imani yao. Lakini nadharia hiyo inadhani kwamba kwa sababu wanaamini, basi mashine imejengwa kwa ajili ya imani. Mimi naona kinyume chake. Dini ya Kier ndiyo inayowawezesha watu kama Drummond, mmoja wa wakubwa wa Lumon, kufanya ukatili wakiamini ni wema. Inahubiri kwamba silika zikifugwa mateso yatakwisha ulimwenguni, na anayehubiriwa hivyo haulizi yamehamia kwa nani. Kama msimu wa tatu utatuletea mzee aliyefufuka akiongea kwa kinywa cha mtu mwingine, nitatazama, lakini nitaona tumeshushwa kutoka swali kubwa hadi dogo.

Kuhusu mbuzi wenyewe, sitaficha kwamba jibu lao halikunitosheleza. Lorne, anayeigizwa na Gwendoline Christie, ana huzuni ya kweli anapomtoa mbuzi wake Emile, na uasi wake ulinigusa. Hata hivyo chumba kile chenye majani ndani ya jengo, watu wale na mavazi yao, kilikuwa kimeahidi zaidi ya kafara.

Sasa nije kwenye ukuta. Lumon inaamini haupitishi kitu. Nami naamini tamthilia imekuwa ikituonyesha nyufa tangu mwanzo, na nyufa hizo hazipitishi kumbukumbu, zinapitisha mapenzi. Katika msimu wa kwanza Mark wa ndani anapewa udongo wa kufinyanga mbele ya Ms. Casey, ambaye ni Gemma bila wao wawili kujua, na mikono yake inafinyanga mti. Mti ndio alama ya mahali pa ajali katika maisha ya nje. Irving, mwenzake Mark ofisini, akiwa wa nje anachora korido nyeusi ambayo hajawahi kuiona, turubai baada ya turubai. Gretchen, mke wa Dylan, mwenzao mwingine, anamtembelea Dylan wa ndani na kumkuta mume aliyempenda zamani, kabla maisha hayajamchosha. Na pale Cold Harbor, mwanamke ambaye hana kumbukumbu hata moja anamwona mwanamume aliyejaa damu akimsihi amfuate, sauti ya daktari ikimkataza, na anamfuata. Hakukuwa na sababu yoyote ya kumwamini. Ndiyo maana nasema mtihani haukufaulu. Ulifaulu dhidi ya kitanda na kushindwa dhidi ya Mark. Uchungu waliweza kuuzuia. Kilichouzaa uchungu kilipita katikati ya ukuta kama hewa.

Nadharia yangu kwa msimu ujao inasimama hapo. Nadhani Lumon itagundua kwamba chipu haivuji popote isipokuwa mahali hapo pamoja, na kwamba dawa pekee ni kuhakikisha mteja hana ampendaye. Ukiangalia jinsi Eagan wanavyolelewa, Helena akila yai lililokatwa vipande mbele ya baba asiyemgusa, utaona kwamba nyumbani kwao tiba hiyo ilianza zamani.

Kuna pingamizi, na nimejiwekea mwenyewe kabla sijawekewa. Kama mapenzi yanavuja, kwa nini Mark wa ndani alimwacha Gemma mlangoni? Anamfikisha kwenye ngazi za kutokea. Akivuka tu, Ms. Casey anageuka kuwa Gemma, ananyoosha mkono, anamwita. Upande wa pili wa korido amesimama Helly. Mark anatazama huku, anatazama kule, kisha anamkimbilia Helly, na picha inaganda wakikimbia katika mwanga mwekundu kwenye korido zisizo na mwisho. Nimesoma hasira nyingi kuhusu dakika hizo. Wamemwita msaliti, wamesema watunzi wameturudisha tulikotoka.

Nadhani waliokasirika walifanya kosa ambalo tamthilia iliwatega walifanye. Walimwona Mark mmoja akichagua kati ya wanawake wawili. Hakukuwa na Mark mmoja. Saa chache kabla, wa ndani na wa nje walikuwa wamezungumza kwa mara ya kwanza, kwa kupokezana kamera ya video kwenye nyumba ile ile ya msituni, mmoja akirekodi ndani, mwingine akijibu nje. Ni mazungumzo mazuri kuliko yote niliyoyaona kwenye televisheni kwa muda mrefu, na mwigizaji ni mmoja. Wa nje anaanza kwa adabu, anaomba radhi, anaahidi kwamba wataunganishwa upya na wote wawili wataishi. Wa ndani anasikiliza kwa matumaini. Kisha wa nje anamtaja mwanamke ambaye mwenzake anampenda na kulikosea jina. Heleny, anasema. Hapo wa ndani anaelewa kila kitu. Huyu mtu anamhitaji. Hamjui, wala hajawahi kutaka kumjua. Anapiga hesabu ya muungano huo: wewe una maisha yote, mimi nina miaka miwili tu ya ofisini, tukichanganywa, nani atazama ndani ya nani?

Na bado alikwenda. Alimtoa mke wa mtu mwingine kutoka kwenye jela, akapigana na Drummond, akatoka na damu, akamfikisha hadi mlangoni. Alitimiza alichoombwa. Aliloombwa zaidi ya hapo ni avuke mlango na afe, maana kwake yeye nje ya mlango ule hakuna kitu. Sioni usaliti katika mtu kukataa kufa. Kumwona Mark wa ndani kama sehemu ya Mark wa nje iliyoasi ni kusimama na Helena kwenye ile video na kusema: wewe si mtu.

Britt Lower, ambaye uigizaji wake katika msimu huu ulimpatia tuzo ya Emmy mwaka 2025, alikuwa tayari ametufundisha hivyo. Kwa sehemu nne alimwigiza Helena akijifanya Helly, na mashabiki makini walimgundua mapema. Wengine walitaja namna alivyotembea. Ishara iliyonishawishi mimi ni hadithi yake ya mtunza bustani wa usiku. Mwishoni mwa msimu wa kwanza wa ndani waliamshwa kwa muda wakiwa nje, na wenzake waliporudi walisimulia walichokiona. Yeye, ambaye sisi tulimwona akisimama mbele ya umati kupaza sauti kuhusu mateso ya ghorofa ya chini, akasema alijikuta tu kwenye nyumba ya kawaida na kumkuta mtunza bustani. Helly hakuwa na tabia ya kuficha. Angekuwa amejua kwamba yeye ni Eagan, angelisema kwa hasira, hata kama lingemgharimu marafiki. Mwenye aibu ya jina lile ni Helena. Tuliotegua fumbo hilo hatukulitegua kwa kukuza picha na kusoma maandishi ya ukutani. Tulilitegua kwa sababu tulimjua Helly kama tunavyomjua ndugu. Irving alimgundua kwa njia hiyo hiyo, na akalipa kwa maisha yake ya ndani.

Basi nimalizie na jambo linaloninyima usingizi tangu Machi 2025, ambalo silioni likizungumzwa vya kutosha. Ikiwa Mark wa ndani ni mtu, na Helly ni mtu, basi ndani ya Gemma kuna watu zaidi ya ishirini. Tumeshangilia alipotoka. Mimi mwenyewe nilishangilia. Lakini kwa mwanamke wa chumba cha meno hakuna kitu kati ya ziara moja na nyingine. Anafumba macho akitoka, anafumbua akiingia, na kiti kile kile kinamsubiri. Hajui kwamba kuna kutibiwa na kupona, kwa sababu aliyepona ni mwingine. Yule wa ndegeni hajawahi kutua. Yule wa kadi anadhani dunia ni Krismasi na maumivu ya kiganja. Yule wa kitanda alizaliwa siku ile ile, akavunja kitanda, akamfuata mwanamume mwenye damu kwa imani ambayo hakuna aliyemfundisha, na alipovuka kizingiti akakoma kuwapo.

Hakuna aliyewaaga, na Mark hajui hata sura zao, ingawa ni mikono yake iliyowaumba, namba kwa namba. Gemma anajua kwamba wapo, maana ndiye anayetoka vyumbani na meno yanayouma na mkono uliokufa ganzi. Nataka msimu wa tatu utuonyeshe Gemma yuko nyumbani, ameketi mezani, ameshika kalamu, na mkono wake unaanza kuandika kadi ya shukrani bila yeye kuuamuru. Nataka kuona kama ataisoma.